Siku nane Usambara: kutoka Mombo hadi Mtae tukiuliza vijiji vinataka nini kwanza

Jumatatu, Mombo hadi Lushoto

Nimeshuka basi Mombo saa nne asubuhi, jua limeshachachamaa, nikapanda Noah ya kwenda Lushoto. Ni kilomita kama 32 za kona tupu. Ukifika Soni hewa imeshabadilika na abiria wanavaa masweta. Njiani tulipishana na malori yaliyojaa kabichi na viazi yakishuka kwenda kuikamata barabara kuu ya Dar es Salaam. Wanaouliza lami ina faida gani kijijini ningewaomba wasimame pale Soni nusu saa tu, wayahesabu.

Safari hii nimeitwa kuandika mihtasari. Kila mwaka, kabla Hazina haijatoa ukomo wa bajeti, vijiji hukaa mikutano mikuu kutaja miradi wanayoiomba Serikali. Orodha ya kijiji hupanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri, Baraza la Madiwani, mkoa, TAMISEMI (ofisi kuu inayosimamia mikoa na halmashauri), hadi Bunge la bajeti linaloanza Aprili, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Utaratibu wenyewe unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na upo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Timu yetu ni watu watano: afisa mipango, ambaye ni mama wa makamo na wote tunamwita Mama Mipango, afisa maendeleo ya jamii, fundi wa barabara, dereva na mimi. Majina ya vijiji vyenye shida nitayaacha, kwa kuwa watu walisimama mkutanoni wakasema ya moyoni mwao.

Jioni Mama Mipango amenipa mafaili ya miaka ya nyuma niyasome kabla ya kulala. Kuna kijiji kimoja kule mbele ambacho kwa miaka mitatu mfululizo kimeandika namba moja: kivuko. Mwaka wa kwanza walipata darasa, mwaka wa pili matundu ya vyoo, mwaka wa tatu hawakupata kitu. Nimemuuliza imekuwaje. Akavua miwani.

"Mwanangu, fedha ya Serikali Kuu inakuja na jina lake. Ikija ya darasa, ni ya darasa. Siwezi kuipeleka kwenye kivuko hata kama kijiji kizima kinalia kivuko. Mkaguzi akija ataniuliza darasa liko wapi."

Jumanne

Nimeamka na maneno yale ya jana. Lazima nitende haki, maana fedha zenye jina zimefanya kazi kubwa nchi hii. Mwaka 2021 zilipokuja zile Sh trilioni 1.3 za UVIKO-19, zikiwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, madarasa 15,000 yalijengwa: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi (shule ndogo za watoto walio mbali na shule mama), kwa Sh milioni 20 kila moja. Januari 2022 watoto waliochaguliwa kidato cha kwanza waliingia wote kwa pamoja, hakuna aliyeachwa nyumbani kusubiri chaguo la pili. Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na moja, najua maana ya mtoto aliyefaulu kukaa nyumbani hadi Machi kwa kukosa chumba. Kwa hiyo simlaumu aliyetoa fedha ya darasa.

Kijiji cha leo kipo juu ya Lushoto, mwendo wa dakika arobaini kwa gari. Kabla ya mkutano mwenyekiti ametuzungusha. Ametuonyesha boma la zahanati ambalo wananchi walilianza kwa msaragambo: mawe wakabeba, mchanga wakabeba, tofali wakachoma wenyewe. Limefika kwenye lenta likasimama. Nimeingia ndani. Katika chumba ambacho kingekuwa cha kujifungulia umeota mpera, umenipita urefu, na una matunda. Nondo zimechomoza juu ya nguzo, zimeshika kutu. Nimebonyeza tofali moja upande unaopigwa na mvua, kidole kikazama kidogo na unga mwekundu ukabaki kwenye kucha. Tofali la kuchoma lisiloiva vizuri likikaa misimu bila paa hunywa maji hadi linamomonyoka.

Hatua mia kutoka pale kuna msingi wa ofisi ya kijiji, na chini yake boma la nyumba ya mwalimu. Matatu hayo yalianzishwa chini ya viongozi watatu, na kila aliyeingia alifungua la kwake.

Mkutanoni kijana mmoja amesimama, amesema vizuri kabisa, ameomba kituo kipya cha afya kwenye eneo la wazi karibu na barabara. Makofi. Akasimama mzee mwenye koti la mvua, amesalimia taratibu, kisha: "Wanangu, tunaye mgonjwa amelala nje uchi, bado hatujamfunika, tunataka kwenda kuzaa mwingine?" Kukawa kimya. Mama Mipango ameliweka kwa lugha ya ofisini: maboma ya nguvu za wananchi yaliyofika lenta yana nafasi ya kuombewa fedha za ukamilishaji, yaani kupaua, mabati, dari, milango, sakafu. Jengo jipya litaanza mstari mwingine kabisa, nyuma ya vijiji vingi. Wamepiga kura ya mikono. Ukamilishaji wa boma la zahanati umekuwa namba moja.

Nimeandika hivyo, na ningeandika hivyo hata kama ningeulizwa mimi. Waliobeba mawe yale bado wako hai na wanaliona boma lao kila wakienda shambani. Ukiwaita tena kwenye msaragambo huku la kwanza halijafunikwa, watakuja wachache, na watakuwa na haki.

Jumatano, Lukozi

Tumepita msitu wa Magamba kukiwa na ukungu, taa za gari zimewashwa saa tatu asubuhi. Lukozi ni soko la mboga. Kabichi, karoti, viazi, hoho, vyote vinapakiwa pale kwenda Dar. Magunia ya viazi yameshonwa kwa lumbesa, yale yenye kilemba juu, na wapakiaji wanayapandisha kwa ubao uliolala kwenye matope.

Hapa hakuna anayebishana. Wanataka barabara. Mkulima mmoja amenieleza hesabu yake bila karatasi: mvua ikinyesha lori halifiki shambani, anakodi bodaboda kutoa gunia moja moja hadi barabarani, na dalali akishajua umeshalipa bodaboda anajua pia huwezi kurudi na mzigo nyumbani. Anakupangia bei yeye.

Wote wameomba lami. Fundi wetu amesimama kujibu, na nimependa alivyojibu, kwa sababu hakuwadanganya. Amewaambia TARURA ilipoanzishwa mwaka 2017 ilikabidhiwa barabara zote za vijijini na mijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri, na leo mtandao wake ni zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Mwaka 2021 iliongezwa Sh 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo, na kila jimbo likapewa Sh milioni 500 za nyongeza. Fedha hizo zimesaidia, ila gawanyeni kwa urefu huo muone.

Kisha akachukua kijiti akachora chini. Barabara ya milimani inauawa na maji, malori yanakuja kumalizia tu. Maji yakishuka mlimani yakakosa mtaro yanapita katikati ya barabara, yanachimba, na changarawe yote uliyomwaga inaishia bondeni kwenye mashamba ya kabichi. Kwa hiyo kwanza mitaro, pili makalavati kila maji yanapokata njia, tatu changarawe. Akawauliza kama wangekubali kuomba makalavati sita na mitaro badala ya lami ambayo pengine watoto wao ndio wataiona. Wamenong'onezana muda mrefu. Wamekubali, kwa sharti kwamba sehemu tatu mbaya zaidi ziandikwe kwa majina yake. Nimeziandika.

Alhamisi

Mvua tangu alfajiri. Mti umeanguka njiani, tumekaa garini kwa muda wa saa tano. Mkutano umeahirishwa.

Ijumaa, kijiji cha kivuko

Hiki ndicho kijiji cha kwenye faili. Tumefika saa saba na nusu, tumesubiri watu watoke msikitini.

Kabla ya mkutano nimemwomba mwalimu mkuu anionyeshe daftari la mahudhurio. Ni desturi yangu ya zamani, daftari la mahudhurio linasema mambo ambayo taarifa hazisemi. Amelifungua kwenye mwezi Aprili, masika. Wale watoto wa kitongoji cha ng'ambo ya mto ameshazoea kuyajua majina yao, amepitisha kidole jina kwa jina. Siku za mvua kubwa wote kwa pamoja hawapo, mstari mmoja unaoshuka ukurasa mzima, kisha wanarudi wote siku moja. Darasa la kwanza na la pili ndio wanaokosa zaidi, kwa kuwa wakubwa huvuka hata maji yakiwa magotini. Darasa jipya, lile lililokuja mwaka wa kwanza badala ya kivuko, liko pale pale nyuma yake: sakafu safi, madirisha mazuri, madawati mapya. Siku hizo za mstari madawati ya nyuma yanakaa matupu.

Tumeteremka mtoni. Kivuko ni magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa toka kingo hadi kingo, yamepigiliwa fito, na upande mmoja wamefunga waya wa kushikia. Magogo yameota ukijani unaoteleza. Mtoto wa kike, umri wa darasa la pili hivi, alikuwa anarudi nyumbani. Amevua viatu akavifunga kamba shingoni, akashika waya kwa mikono miwili, akaanza kwenda ubavu ubavu kama kaa. Katikati fito moja haipo. Pale alisimama, akanyoosha mguu kupapasa bila kutazama chini, akaipata ya pili, akaendelea. Alipofika ng'ambo alivaa viatu akakimbia. Kwake ni siku ya kawaida. Mimi nilikuwa nimemshika Mama Mipango mkono bila kujijua.

Magogo yenyewe huchukuliwa na maji karibu kila masika, wanaume hukata mengine. Wajawazito wa ng'ambo hubebwa kwa machela mapema, siku zikikaribia, wakakae kwa ndugu upande huu.

Afisa maendeleo ya jamii ametumia kura ya maharage. Wanawake wamekaa kivyao, wanaume kivyao. Kila upande makopo matano yamepangwa chini yakiwa na picha: mtu anavuka mto, jengo la shule, msalaba mwekundu, bomba la maji, ofisi. Kila mtu anapewa punje tatu, anapita peke yake nyuma ya kanga iliyotundikwa, anatumbukiza anakotaka. Upande wa wanaume punje zimetawanyika, na kopo la ofisi ya kijiji limepata kuliko nilivyotarajia. Upande wa wanawake kopo la kivuko limejaa hadi punje za mwisho zimekuta mdomo na kumwagikia majani. Bibi mmoja aliyechelewa amekuta halina nafasi. Amekataa kuweka kwingine. Ameziweka punje zake tatu chini, zimegusa kopo, akasema, "Andika, mwanangu, hizi ni za huku."

Nimeandika.

Walipoyaona makopo yote kumi yamemwagwa kwenye kanga moja, wanaume wenyewe wamesema hakuna haja ya kubishana. Ila mtu mmoja ameuliza swali ambalo nililiogopa tangu Jumatatu: "Tumeshaandika mara tatu. Mara ya nne ina tofauti gani?"

Mama Mipango hakukwepa. Amewaambia ukweli kuhusu fedha zenye jina, kama alivyoniambia mimi. Kisha amewaambia milango iliyobaki. Wa kwanza ni mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hayana jina la mbali lakini yana wenyewe wengi: asilimia 10 inatengwa kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na kila kata inaitazama fedha inayobaki. Wa pili ni Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009 kuchochea miradi ambayo wananchi wameshaianza. Wa tatu ni TARURA wenyewe, kama kivuko kitaingizwa kwenye mpango wao.

Hapo fundi akaomba neno. Alikuwa amerudi mtoni na futikamba wakati sisi tunahesabu. Kutoka mwamba hadi mwamba ni pungufu ya mita saba. Amewauliza mawe wanatoa wapi ya kujengea nyumba. Wakacheka, maana mawe yamewazunguka. Akawaeleza daraja la mawe: unatengeneza umbo la tao kwa mbao, unapanga mawe juu yake kwa saruji kutoka pande zote mbili mpaka yakutane kileleni, ikishika unaondoa mbao. Mawe ya tao yanabanana yenyewe kwa uzito wake, halihitaji nondo, na gharama yake iko chini sana kuliko daraja la zege. TARURA wameyajenga mikoa kadhaa, Kigoma yapo mengi. Kinachohitajika kununuliwa ni saruji, mbao na kumlipa fundi anayejua tao. Mawe, mchanga na mikono ipo.

Nimeona nyuso zikibadilika. Ombi lililokuwa la kupewa kitu limegeuka kuwa la kuongezewa kilichopungua.

Usiku tumeandika muhtasari kwa taa ya chemli, mimi, mtendaji wa kijiji na Mama Mipango akisimamia kila sentensi. Miaka mitatu muhtasari ulisema neno moja: kivuko. Safari hii umesema jina la mto, upana, idadi ya kaya za ng'ambo, idadi ya wanafunzi kwa darasa, siku walizokosa Aprili kwa mujibu wa daftari la shule, aina ya daraja, na mchango wa wananchi kwa ujazo wa mawe. Umesainiwa na mwenyekiti na mtendaji, umepigwa muhuri, na orodha ya mahudhurio imeambatishwa. Muhtasari usio na mahudhurio, anasema Mama Mipango, akiukuta ngazi ya juu mtu mwenye haraka anauweka pembeni, na hana kosa. Mtendaji ni kijana, ameajiriwa mwaka huu. Amezinakili kurasa zote kwa mkono ili kijiji kibaki na nakala yake.

Jumamosi, Mtae

Mwisho wa njia. Kutoka hapa ardhi inakatika ghafla na chini kabisa unaiona Mkomazi imelala hadi Upare.

Kijiji cha mwisho hakikuomba kitu kipya. Wanayo maji ya mserereko, chanzo kiko juu msituni, hayana mashine wala mafuta. Shida yao ni bomba la kutoka kwenye chanzo: limelazwa juu ya ardhi, ng'ombe wanalikanyaga, na moto wa mashamba umeliunguza sehemu mbili. Chombo chao cha watumiaji maji kimekuwa kikikusanya fedha za ndoo na kimeshanunua viungio. Wanaomba mabomba na mtaalamu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wa kuwapimia. Mitaro ya kufukia watachimba wenyewe. Mkutano umekwisha kwa saa moja, watu wakaenda sokoni.

Jumapili

Tumerudi Lushoto. Dereva amekwenda kanisani, mimi nimefua na kupanga mafaili.

Jumatatu, ofisini

Kutwa nzima Mama Mipango amekuwa mbele ya kompyuta akiingiza miradi kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, mimi nikimsomea. Makalavati ya Lukozi yameandikiwa barua TARURA. Boma la zahanati limeingia kwa ukamilishaji. Mabomba ya Mtae yamekwenda RUWASA.

Tulipofika kwenye kivuko amesimama kidogo, akaenda kuchemsha chai, akarudi. Amekiweka kwenye mapendekezo ya mapato ya ndani, saruji na fundi tu, na ameandika nakala mbili, moja ya TARURA na moja ya kamati ya Mfuko wa Jimbo. Amenieleza wazi kwamba bado kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, Kamati ya Fedha na Baraza la Madiwani mbele yake, na popote hapo kinaweza kukatwa. Nimemuuliza kama atakitetea. Amesema ndicho atakachokianza.

Saa kumi jioni mtendaji wa kile kijiji amepiga simu. Jumamosi, sisi tukiwa Mtae, mwenyekiti aliitisha msaragambo. Wamebeba mawe kutwa, wanawake wa ng'ambo wakiyaleta kwa vichwa kutoka upande wao, na sasa kuna marundo mawili, moja kila kingo. Anataka kujua yawekwe umbali gani kutoka majini yasije yakachukuliwa na mvua, na ukubwa wa mawe uwe kiasi gani kwa ajili ya tao. Nimempa fundi simu. Amesikiliza, ameuliza maswali mawili, kisha amesema wasisogeze kitu, atapanda Jumatano kuwapigia vigingi.